Taya zilizofunguka kupita kiasi: kisa cha makoleo ya klipu katika karakana ya vizimba vya kuku

Mwenye karakana alinipigia simu akiomba jambo moja: nimtafutie makoleo magumu zaidi, kwa sababu aliyokuwa nayo yanalegea haraka na mafundi wake wanalalamika mikono. Mimi ni mwalimu wa ufundi mitambo, na ombi la aina hiyo napata mara nyingi. Kilichofuata kilinichukua miezi kadhaa, kikaniaibisha mara mbili mbele ya watu wanaoniamini, na kikabadilisha jinsi ninavyofundisha somo la wenzo. Jina la mji, la karakana na la watu wote nimeyaondoa. Vipimo nimeviacha kama vilivyo, kwa kuwa bila vipimo kisa hiki hakina faida kwa fundi.

Karakana na kazi yake

Karakana inatengeneza vizimba vya kuku wa mayai, katika mji mmoja wa Tanzania bara. Wavu wa waya uliochomelewa unanunuliwa kwa roli, unakatwa vipande vya ukuta, sakafu na paa, halafu vipande vinaunganishwa kwa klipu. Klipu yenyewe ni kipande kidogo cha bati la chuma lililopakwa zinki, kimekunjwa kama herufi J. Unakipachika juu ya nyaya mbili zilizolala sambamba, unakibana kwa koleo lake, nacho kinazikumbatia zote mbili. Kila ukingo wa kizimba unabanwa kila baada ya sentimita chache, kwa hiyo mtu mmoja anabana kutwa nzima, klipu baada ya klipu.

Kwenye benchi la klipu walikuwa watu saba, wanne wanawake. Malipo yalikuwa kwa kizimba kilichokamilika. Hilo nalitaja mapema kwa sababu mtu anayelipwa kwa kizimba hapumzishi mkono unaouma. Anabadilisha tu jinsi ya kulishika koleo.

Koleo lililotumika ni la kawaida, la dukani, ambalo mafundi wengi huita plaizi ya klipu. Mikono miwili ya chuma imepishana na kushikwa na riveti moja. Upande mfupi una taya zenye kitako cha kulaza klipu, upande mrefu una mipini iliyovikwa plastiki nyembamba. Halina springi. Ukishabana, unalifungua mwenyewe kwa kidole kidogo kilichopita upande wa ndani wa mpini.

Malalamiko

Mama mmoja aliyekuwa na miaka mingi kuliko wenzake pale benchini alinieleza kwa maneno machache: "Mwalimu, mchana nabana. Usiku mkono haunitambui." Nilipomuuliza ni sehemu gani, alionyesha gumba, kidole cha shahada na cha kati. Ganzi ya vidole hivyo vitatu inayomwamsha mtu usiku ni dalili inayojulikana ya mshipa wa fahamu kubanwa kwenye kifundo cha mkono. Nilimwambia mwenye karakana siku hiyohiyo kwamba huyu anatakiwa hospitali na apewe kazi nyingine, mambo ya koleo yakiendelea kando. Alikubali, na namheshimu kwa hilo.

Wengine walitaja maumivu ya sehemu tofauti. Wawili walilalamikia katikati ya kiganja, mahali ambapo ncha ya mpini inagota. Kijana mmoja alikuwa na kidole kidogo kilichovimba pembeni, na sababu ilikuwa dhahiri: ndicho kidole alichotumia kulifungua koleo.

Siku ya kukaa na kutazama

Sikushika koleo lolote siku ya kwanza. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikatazama mikono. Natamani kila mtu anayetaka kuboresha zana angeanza hivyo, kwa sababu mambo matatu niliyoyaona hakuna hata mmoja aliyekuwa ameyataja.

La kwanza, klipu nyingi zilibanwa mara mbili. Fundi anabana, anatazama, anasogeza koleo kidogo, anabana tena. Nilichukua makoleo matatu na kuyatikisa: taya zilicheza kushoto na kulia kwa sababu tundu la riveti lilikuwa limepanuka. Taya zisizokutana sawasawa zinaikunja klipu upande mmoja na kuuacha mwingine wazi. Mwenye karakana alikuwa akiuona ulegevu huo kama hasara ya kununua koleo jipya. Kwa mikono ya watu wake ulikuwa ni kazi maradufu.

La pili, wanawake watatu kati ya wanne walianza kila mbano kwa mikono miwili, kisha wakamalizia kwa mmoja. Vidole vyao havikuufikia mpini wa pili koleo likiwa wazi.

La tatu, kifundo cha mkono kilikuwa kimepinda karibu muda wote. Kizimba kilisimama sakafuni, koleo limenyooka, na kona za chini zilimlazimisha mtu aukunje mkono kuelekea upande wa kidole kidogo ndipo abane.

Nilipima koleo moja lililokuwa na nafuu. Kutoka katikati ya riveti hadi kitako cha klipu ni milimita 30. Kutoka riveti hadi katikati ya vidole vinne vilivyoshika ni milimita 120. Uwiano wa wenzo, yaani 120 kugawanya kwa 30, ni 4: nguvu ya mkono inafika kwenye klipu ikiwa mara nne. Taya zikifunguka mwisho wake zinaachana milimita 15. Mipini ikiwa imefungwa, kutoka nje hadi nje, ni milimita 52.

Vipimo vyote hivyo niliviandika kwenye daftari siku ile. Nilikuwa na jibu mkononi na sikuliona.

Jaribio la kwanza: kurefusha mipini

Nilifikiri kama vitabu vinavyotufikirisha: nguvu ni nyingi, refusha mpini. Mchomeleaji wa karakana alikata vipande vya bomba jembamba, akavichomelea kwenye ncha za mipini ya makoleo mawili, mkono ukasogea hadi milimita 180 kutoka kwenye riveti. Uwiano ukawa 6. Kwenye jiliwa, klipu ilibanwa kwa wepesi uliotufurahisha sote.

Benchini, makoleo hayo hayakumaliza siku mbili. Wanawake waliyarudisha asubuhi ya kwanza kabla ya chai. Kijana mwenye viganja vikubwa aliyapenda, lakini hayakuingia ndani ya kizimba; mipini iligonga ukuta wa pili. Kisha moja likakatika, si kwenye mshono wa kuchomelea bali kando yake. Lilikatika ghafla, bila kupinda kwanza, na kipande kikamkwaruza mkono aliyekuwa akibana.

Kosa la kukatika lilikuwa langu kabisa. Chuma cha koleo lililofuliwa kina kaboni nyingi kuliko flati ya kawaida, yaani chuma bapa cha dukani. Ukikichomelea bila kukipasha kwanza na ukakiacha kipoe haraka, sehemu iliyo kando ya mshono inakuwa ngumu na yenye kuvunjika kama kigae. Joto hilohilo likipanda hadi kwenye taya linazilainisha taya zilizokuwa zimekomazwa. Yaani unapata ugumu mahali usipoutaka na ulaini mahali usipoutaka, kwa moto mmoja. Nafundisha jambo hilo darasani kila mwaka, na siku ile nililiacha lipite kwa sababu tulikuwa na haraka.

Jaribio la pili: kuipinda mipini

Baada ya hapo nilikumbuka utafiti mashuhuri wa Erwin Tichauer, uliofanywa kwa wafanyakazi wanafunzi wa kampuni ya Western Electric huko Marekani. Kundi moja lilipewa makoleo ya mipini iliyonyooka, kundi la pili makoleo ya mipini iliyopindwa ili kifundo cha mkono kibaki kimenyooka. Baada ya wiki 12, zaidi ya nusu ya kundi la kwanza walikuwa na matatizo ya mkono, na katika kundi la pili ni takriban mmoja kati ya kumi. Fundisho lililotokana na kazi hiyo linajulikana kwa kila anayesomea usalama kazini: pinda zana, usipinde mkono.

Safari hii hatukugusa koleo la dukani. Mhunzi jirani alitufulia mipini mipya ya flati, imepinda kiasi. Kona za chini za kizimba zikawa rahisi, na yule kijana wa kidole kilichovimba alisema kwa mara ya kwanza mkono wake umetulia. Lakini alipohamia kubana paa, koleo lilelile likamkunja mkono kuelekea upande wa pili, vibaya kuliko lile lililonyooka.

Nilirudi kufikiria wale wafanyakazi wa Western Electric. Walikuwa wameketi, kazi iko mbele yao, mwelekeo ni mmoja siku nzima. Kwetu mwelekeo ulibadilika kila dakika. Mpini uliopinda unaunyoosha mkono kwa kazi iliyolala namna moja tu.

Aliyetutoa hapo ni yule mama wa ganzi, ambaye wakati huo alikuwa amehamishiwa kwenye kukata wavu na alituona tukibishana. "Si mgeuze kizimba," alisema. Tulijenga fremu ya mbao yenye ekseli ya bomba, kizimba kinafungwa humo na kuzungushwa, ukingo unaobanwa unakuja mbele ya tumbo la fundi. Fremu hiyo ilifanya kazi ambayo nilikuwa nikitaka ifanywe na kona ya mpini, na ikatuwezesha kubaki na koleo lililonyooka.

Jaribio la tatu: wenzo juu ya wenzo

Hili nitalipitia upesi. Yapo makoleo na mikasi ya kukatia bolti ambayo mipini yake haiishii kwenye taya, bali inasukuma wenzo mwingine unaosukuma taya. Ndugu yao mmoja ni koleo la kujifunga, ambalo William Petersen, mhunzi aliyehamia Nebraska kutoka Denmark, aliliwekea wenzo wake wa kujifunga mwaka 1924 na likaja kuuzwa kama Vise-Grip. Mfumo wa aina hiyo unaongeza nguvu sana mwishoni mwa mbano, na mwishoni ndipo klipu inapokataa zaidi. Kwa karatasi, lilikuwa jibu zuri.

Tulitengeneza moja lenye pini nne. Lilibana kwa nguvu ya kushangaza wiki ya kwanza. Lakini kila pini ina nafasi yake ndogo ya kucheza, na mchezo wa pini zote unajumlika kwenye taya. Mwisho wa wiki ya pili lilikuwa limelegea kuliko makoleo ya zamani. Kwa kiwanda chenye mashine za kukereza kwa usahihi na chuma kilichokomazwa, pini nne si tatizo. Kwa karakana inayotoboa matundu kwa drili ya mkono, zinageuka mlango wa matatizo. Tuliliweka kando, na bado naamini ulikuwa uamuzi sahihi.

Jaribio la nne: kuzuia taya zisifunguke

Nilirudi kwenye daftari. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, kwa kushirikiana na jimbo la California, ilitoa mwaka 2004 mwongozo wa kuchagua zana za mkono. Kwa zana ya mipini miwili inayotumia nguvu, unashauri mipini iachane angalau inchi 2, yaani milimita 51, ikiwa imefungwa, na isizidi inchi 3 na nusu, yaani milimita 89, ikiwa wazi.

Mipini yetu iliyofungwa ilikuwa milimita 52. Vizuri. Ikiwa wazi? Taya zinaachana 15, uwiano ni 4, kwa hiyo pale vidole vilipo mipini inaongeza 60. Jumla ni 112. Hapo ndipo vidole vya wale wanawake vilipopotelea. Na lile koleo nililolirefusha kwa fahari: 15 mara 6 ni 90, ukijumlisha 52 unapata 142. Nilikuwa nimewapa watu wenye viganja vidogo zana isiyoshikika, nikashangaa walipoirudisha.

Wenzo hautoi zawadi. Nguvu unayopunguziwa unailipa kwa urefu wa mwendo, na mwendo huo unalipwa na vidole. Kwa hiyo swali halikuwa mpini uwe mrefu kiasi gani. Swali lilikuwa klipu inahitaji taya zifunguke kiasi gani. Nilichukua klipu, nikaipachika kwenye waya, nikapima: milimita 7 zinatosha kuingiza na kutoa. Zile 8 zilizobaki zilikuwa mwendo wa bure, unaolipwa na mkono katika kila mbano, na zaidi ya hapo zinaanzia mahali ambapo mkono umepanuka na hauna nguvu.

Tulitengeneza koleo jipya hivi:

Taya zilifuliwa kutokana na jani la springi ya gari, zikakomazwa kwa kuzamishwa kwenye oili, kisha zikarudishwa motoni taratibu hadi rangi ya zambarau itokee juu ya chuma kilichosuguliwa, ili ziwe na ustahimilivu bila kuvunjika. Urefu kutoka pini hadi kitako cha klipu tuliupunguza hadi milimita 28. Mipini ni ya flati, imeunganishwa na taya kwa riveti mbili kila upande, bila kuchomelea. Katikati ya vidole ikawa milimita 140 kutoka kwenye pini. Uwiano 5.

Kati ya mipini, karibu na pini, tuliweka bolti ndogo inayozuia taya zisizidi milimita 7. Hesabu ikawa 7 mara 5, yaani 35, na 52 za kuanzia: milimita 87.

Pini ilichukua muda kuliko vyote. Badala ya riveti tulitumia bolti ya M8 (kipenyo cha milimita 8), bushi ya shaba, yaani kijibomba kinachozunguka juu ya bolti, na nati yenye nailoni isiyojilegeza. Bolti ya kwanza ilikuwa na nyuzi tangu kichwani hadi mwisho, na nyuzi zile zilikula bushi kama tupa. Ya pili tuliichagua yenye sehemu laini ndefu, ndefu kuliko unene wa vipande viwili vilivyopishana, ili kinachozunguka kikae juu ya chuma laini tu. Taya zikianza kucheza, fundi anabadilisha bushi na koleo linabaki.

Springi ya kufungulia ilitugharimu majaribio mawili. Ya kwanza ilikuwa ya koili, ngumu mno, na springi ngumu ni adui aliyejificha: kila mbano unaikandamiza nayo pia. Ya pili ilikuwa kipande cha msumeno wa chuma, wa ile aina inayopinda bila kuvunjika, kimeinamishwa kati ya mipini. Kinatosha kufungua taya, hakuna zaidi. Na kwa vile bolti ya kizuizi inaikamata mipini, koleo halirushwi wazi kupita kiganja.

Ncha za mipini tulizirefusha zikapita kiganja kwa vidole viwili, zikavikwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Urefu huo haukuwekwa kwa ajili ya nguvu. Uliwekwa ili ncha isigote katikati ya kiganja. Mtu mmoja alipendekeza tuchonge mitaro ya vidole, nikakataa: mtaro uliochongwa kwa vidole vya mmoja unamkata mwingine, na makoleo pale benchini hayana mwenyewe.

Matokeo

Watu sita waliobaki kwenye klipu walitumia makoleo mapya pamoja na fremu ya kuzungusha. Kubana mara mbili kulikoma karibu kabisa kwenye makoleo yenye bushi nzima. Wanawake wote walibana kwa mkono mmoja. Kijana wa kidole kidogo alipona uvimbe ndani ya wiki chache, kwa kuwa kidole hakikuwa tena na kazi ya kufungua.

Mama wa ganzi hakurudi kwenye klipu. Hospitali walimpa kifaa cha kuvaa usiku kinachonyoosha kifundo, na alipata nafuu, lakini alisema wazi kwamba hataki kushika koleo tena. Hakuna aliyembishia.

Kijana mmoja anayetumia mkono wa kushoto hakufaidika kama wenzake. Kitako cha klipu tulikikata kwa kuingizia upande wa kulia, na ikatubidi tumtengenezee lake peke yake miezi miwili baadaye. Hilo lilipaswa kuonekana siku ya kutazama. Nilitazama mikono saba na sikuuona mmoja uliokuwa tofauti.

Uchambuzi

Ukilinganisha koleo la zamani na jipya kwa wenzo peke yake, tofauti ni ndogo. Mbano unaohitaji kilo 40 kwenye taya ulidai kilo 10 za mkono. Sasa unadai 8. Kupungua kwa sehemu moja ya tano hakuelezi nafuu waliyoipata watu wale. Kinachoieleza zaidi ni kwamba mbano mmoja ulichukua nafasi ya miwili, na kwamba mkono ulianza kusukuma ukiwa umekunjika kiasi kinachoupa nguvu. Mambo hayo mawili yalitokana na pini na kizuizi, vipande vya gharama ndogo kuliko vyote.

Kurefusha mpini kulishindwa kwa sababu nilitafuta nguvu bila kuuliza mwendo unalipwa wapi. Kupinda mpini hakukushindwa kwa maana ya kwamba wazo ni baya. Lilihitaji kazi inayokaa namna moja, na pale halikuwa na kazi hiyo. Karakana yenye mtu anayebana ukingo uleule kutwa nzima, mezani, ingefaidika nalo sana. Wenzo wa pini nne ulikuwa sahihi kimahesabu na haukufaa kwa zana zetu za kutobolea.

Kuhusu uamuzi wa kutengeneza badala ya kununua, sina uhakika ungekuwa sahihi kila mahali. Yapo makoleo ya dukani yenye springi, kizuizi na pini inayokazwa, na kama mwenye karakana angeyapata kwa bei anayoiweza ningemshauri anunue. Faida ya kutengeneza ilikuwa kwamba mafundi walijua kila bolti ni ya nini.

Faida hiyo ilionekana mwenye karakana aliponunua klipu za jina jingine, zenye bati nene na mdomo mpana zaidi. Hazikuingia kwenye taya. Mwanamke mmoja wa benchini alichukua spana, akailegeza bolti ya kizuizi nusu mzunguko, akajaribu, akaongeza robo, akakaza nati. Kisha alipima upana wa mipini kwa kiganja chake mwenyewe kabla ya kuwapitishia wenzake.